Chengwimbe, Mateka wa Kilwa Aliyezeekea Mombasa

Kijana wa leo akitajiwa Kengeleni, kule Kisauni, aghalabu hukumbuka matatu na msongamano wa magari kabla ya kukumbuka kengele. Lakini kengele ilikuwako. Ilikuwa kengele ya misheni, iliyopigwa kuwaita watu kanisani na kazini, na iliyopigwa pia kwa namna nyingine wakati ilipohofiwa kuwa wenye watumwa wanakuja kwa silaha. Mahali pote pale palipewa jina la Frere Town, na wenyeji wake wa kwanza walikuwa watu waliokamatwa majumbani kwao, wakauzwa, kisha wakatolewa katika mikono ya wanunuzi na askari wa baharini. Leo nataka kueleza maisha ya mmoja wao, mzee aliyejulikana na watu wengi wa Mombasa kwa jina la Matthew Wellington. Kwao aliitwa Chengwimbe.

Wale wamjuao humjua kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba alikuwa miongoni mwa watu walioichukua maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani. Mimi naona sifa hiyo imemfunika kuliko ilivyomtukuza. Kabla ya kuwa mchukuzi wa maiti ya Mzungu, Chengwimbe alikuwa mtoto aliyevushwa mipaka ya nchi moja baada ya nyingine bila ya yeye kuulizwa. Siku hizi tunaposoma magazetini juu ya polisi wetu wakishirikiana na polisi wa nchi nyingine kuwaandama wasafirishaji wa binadamu, tunadhani ni habari mpya. Si mpya hata kidogo. Hati za uongo, bendera ya kuazima, mpaka ambao askari hawezi kuuvuka, na yule aliyeokolewa akabaki hajui aende wapi, yote hayo yalikuwako pwani hii zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, na baadhi yake yalimpata yeye mwenyewe.

Alizaliwa Uyaoni yapata mwaka 1847. Nchi ya Wayao iko kusini, kati ya mto Ruvuma na ziwa Nyasa, na katika lugha yao Che ni neno la kumheshimu mtu, kwa hiyo nadhani hata jina lake lilikuwa na adabu ndani yake. Wayao walikuwa wafanya biashara hodari, na baadhi ya wakuu wao walikuwa wakiuza watu. Wakati huohuo Wayao kwa Wayao walipigana, na aliyeshindwa aliuzwa. Mtu hawezi kueleza habari hii kwa haki kama akimtaja mwuzaji wa pwani na kumwacha mwuzaji wa bara.

Chengwimbe alitekwa angali mdogo, akaingizwa katika msafara wa kwenda Kilwa. Njia ile ilikuwa ndefu na ya mauti. Watu wazima walifungwa makongwa shingoni, na aliyeshindwa kutembea aliachwa hapohapo. Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya biashara hiyo. Kati ya mwaka 1862 na 1867 peke yake, hesabu za forodha ya pale zilionyesha watumwa zaidi ya 97,000 waliosafirishwa, na walio wengi kati yao walipelekwa Unguja. Nimesema forodha, na msomaji aliangalie neno hilo. Watu hao walihesabiwa na kutozwa ushuru kama vile pembe na sandarusi.

Ndiyo kusema biashara hiyo haikuwa ya kificho. Ilikuwa na sehemu iliyo halali na sehemu iliyo haramu, na ujanja wote ulikuwa katika kuitoka moja na kuiingia nyingine. Mwaka 1822 Kapteni Moresby wa Uingereza alifanya mkataba na Seyyid Said wa kukataza watumwa wasiuziwe mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 Balozi Hamerton akafanya mkataba mwingine, ulioanza kutumika mwaka 1847, wa kukataza watumwa wasitolewe nje ya milki za Seyyid zilizoko Afrika, yaani wasipelekwe Arabuni, Uajemi wala Bara Hindi. Lakini kutoka Kilwa upande wa kusini mpaka Lamu upande wa kaskazini, ruhusa ilibaki kama ilivyokuwa.

Hebu fikiri nahodha ataitumiaje sheria kama hiyo. Alitoka Kilwa na watu 100 chini ya sitaha, naye amelipa ushuru na hati yake imeandikwa kwamba anakwenda Unguja. Akisimamishwa njiani, yuko katika haki yake. Kutoka Unguja alipata hati nyingine ya kwenda Lamu, na hapo pia yuko katika haki yake. Ukianza kuvuma upepo wa kusi hufungua tanga, na pale Lamu hapatii nanga. Kosa lake lilianza katika maili zile za bahari baada ya Lamu, na huko ndiko manowari chache za Kiingereza zilikotakiwa ziwe zikimngojea. Mwaka 1864 Seyyid Majid alikataza kusafirisha watumwa baharini tangu Januari mpaka mwisho wa Aprili, yaani majira ambayo majahazi ya Manga yalijaa katika bandari zetu. Nahodha mwenye akili alingoja Mei.

Nazo manowari zilikuwa na aibu yake. Maofisa na mabaharia walipewa bahashishi kwa kila mtumwa waliyemkomboa, na kama hapakuwa na watumwa basi kwa ukubwa wa chombo kilichohukumiwa. Kesi ilitakiwa kusikizwa mbele ya mahakama ya Kiingereza, lakini mara nyingi chombo kilikwisha teketezwa baharini kwa kisingizio kwamba hakiwezi kuvutwa mpaka bandarini. Manahodha wengi wasiokuwa na hatia, waliobeba mtama na boriti, walifika pwani kwa miguu wakiwa hawana chombo wala mzigo. Jambo hilo liliwaudhi watu wa pwani, na likawapa wauza watu wa kweli mahali pa kujificha, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuwa na chuki na manowari. Askari anayelipwa kwa kichwa humwona mhalifu kila anapotazama.

Lakini siku ya Chengwimbe manowari haikukosea. Jahazi alilopakiwa lilikuwa kweli limebeba watu, likakamatwa, na mateka wakahamishwa kutiwa katika meli. Ni vigumu kwetu kuona jambo hilo kwa macho ya mtoto. Aliyemnunua alimtia katika chombo, na aliyemkomboa naye akamtia katika chombo kilicho kikubwa zaidi, chenye mizinga, na watu wenye sura asizopata kuziona. Huko bara mateka walikuwa wakiambizana kwamba Wazungu hula watu. Naamini wengi wao waliomboleza siku ile ya uhuru kuliko siku waliyouzwa.

Kisha ilikuja shida ambayo mikataba yote ile haikuifikiria. Mtu huyu amekuwa huru. Je, ashushwe wapi? Uyaoni hakurudishiki, kwa maana njia ya kwenda huko ni ileile ya misafara ya watumwa. Pwani yote ilikuwa ya Seyyid, na akishushwa Mombasa au Bagamoyo usiku atauzwa asubuhi. Kwa sababu hiyo Waingereza waliwapeleka waliokombolewa mahali walipokuwa na bendera yao wenyewe: wengine Shelisheli, wengine Morisi, wengine Adeni na Bombay. Chengwimbe alipelekwa Adeni, na kutoka Adeni akapelekwa Bombay. Wale waliomteka walitaka kumvusha bahari, na wale waliomwokoa wakamvusha.

Karibu na mji wa Nasik, ndani ya Bara Hindi, palikuwa na mahali paitwapo Sharanpur, ambapo Church Missionary Society waliweka makao ya watoto wa Kiafrika waliokombolewa. Walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi na dini ya Kikristo, wakapewa majina ya Kiingereza. Huko ndiko Chengwimbe alikogeuka kuwa Matthew Wellington. Wengine wa Sharanpur majina yao yanajulikana mpaka leo katika habari za pwani: William Jones, Ishmael Semler, George David, Jacob Wainwright. Walikua wakijua Kiingereza na lugha za Bara Hindi, na wengi wao walikuwa wamesahau nusu ya lugha ya mama zao.

Mwaka 1872 vijana sita wa Nasik, Matthew akiwa mmoja wao, walitolewa Bara Hindi kuja Afrika katika safari ya kumtafuta Livingstone. Stanley alikuwa amekwisha kumpata, na safari ile ikavunjika Unguja, lakini vijana hao walitiwa katika kundi la watu ambalo Stanley alilipeleka Unyanyembe kumsaidia mzee huyo. Waliondoka naye mwezi wa Agosti mwaka huo. Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi, nami sitayarefusha. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaikausha maiti kwa chumvi na jua, wakaifunga katika magome na nguo, wakafunga safari ya pwani.

Palipo na jambo la kutuhusu ni huku njiani. Kupitisha maiti katika nchi za watu lilikuwa jambo la hatari, na kila mkuu alikuwa na amri yake. Walipofika mahali ambapo wenyeji walikataa katakata, wale wachukuzi walifunga mzigo wa bandia wakaurudisha nyuma kana kwamba wameghairi kuichukua maiti, na maiti yenyewe wakaifunga upya ifanane na mtumba wa nguo. Wakapita. Watu ambao wao wenyewe walipata kupitishwa kama mizigo sasa walijua vyema namna ya kumpitisha mtu asionekane. Huko Unyanyembe walikutana na Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike palepale, walikataa. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, baadhi ya wenzao wakiwa wamefia njiani, na hapo walilipwa mshahara wao wakaambiwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na jeneza mpaka London. Medali zilitengenezwa huko kwa ajili ya wachukuzi, lakini ilipofika wakati wa kuzigawa, watu walikuwa wamekwisha tawanyika.

Wakati wao wako porini, mambo makubwa yalikuwa yamepita pwani. Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa Gavana wa Bombay tangu 1862 hadi 1867 na aliyewajua vizuri Waafrika wa Nasik, alitumwa na serikali ya Uingereza kuja Unguja, akafika Januari 1873. Alimtaka Seyyid Barghash afunge biashara yote ya watumwa baharini. Seyyid alikataa. Frere akaitembelea pwani, akafika Mombasa na Rabai, ambako alimkuta Mzee Rebmann, aliyekuwa amekaa huko tangu miaka ya 1840 na macho yake yamepungua nuru, kisha akaenda Maskati na huko akapata mkataba mwezi wa Aprili. Unguja ilibaki mpaka tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi baada ya Balozi Kirk kumwonya kuwa manowari zitauzingira mji wake. Soko la Unguja likafungwa. Nami siwezi kuuita mkataba huo mapatano ya hiari, kwa maana mmoja alikuwa na kalamu na mwingine alikuwa na mizinga. Frere huyu huyu baadaye alipelekwa Afrika ya Kusini, na huko akawasha vita vya mwaka 1879 dhidi ya Wazulu. Alifariki mwaka 1884.

Hata hivyo jambo moja Frere aliliona ambalo waliomtangulia hawakuliona. Aliona kwamba hakuna faida ya kukamata majahazi ikiwa waliomo hawana pa kushuka, akawahimiza Church Missionary Society wafanye makao ya watu hao papa hapa pwani. Ndipo William Salter Price, ambaye alikuwa amewalea watoto wa Sharanpur, alipotumwa Mombasa mwishoni mwa 1874. Mwaka uliofuata alinunua ardhi upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, akapaita Frere Town. Mwezi wa Septemba 1875 manowari iitwayo Thetis iliwashusha hapo mateka zaidi ya 200 waliotolewa majahazini. Hao waliookolewa katika bahari ya Afrika walishushwa katika ardhi ya Afrika.

Watu waliowapokea ufukweni walikuwa wale wa Bombay, na Matthew Wellington alikuwa pamoja nao tangu siku hizo za mwanzo. Yeye na wenzake walikuwa mafundi, waalimu, wasimamizi na wakalimani. Hebu fikiri maana yake. Mateka anashuka akitetemeka, hajui kama ameuzwa tena, na anayemfuata kumshika mkono ni Mwafrika, labda Myao mwenzake, ambaye alipita njia hiyohiyo ya Kilwa naye hakuliwa na mtu. Hapana askari wala padre aliyeweza kuifanya kazi hiyo. Na hata leo, wale wanaowashughulikia wasichana waliorudishwa kutoka ughaibuni husema jambo la namna hiyo: hatafungua kinywa mpaka amwone mtu aliyepatwa na yaliyompata yeye, na asipofungua kinywa polisi hawana kesi.

Lakini Frere Town haikuwa pepo. Watu wa Bombay walilipwa kidogo kuliko Wazungu kwa kazi zenye uzito, na walinung'unika, tena kwa haki. Bwana mmoja aitwaye Streeter, aliyekuwa msimamizi wake, aliwatawala watu waliokombolewa kwa kiboko na kwa kifungo, hata malalamiko yakafika Unguja, na mwaka 1881 ukaja uchunguzi kutoka ubalozini. Streeter akaondoka. Ajabu ni kwamba Streeter huyo huyo ndiye aliyewakinga watoro waliokimbia kwa mabwana zao mwaka 1880, mpaka wenye watumwa wa mjini wakajiandaa kuvuka maji kuja kuiteketeza Frere Town. Huo ndio wakati wa kengele. Nyakati kama hizo watu walilala macho, bunduki mkononi, wanawake na watoto wamekusanywa pamoja, na kila mashua iliyoonekana usiku kati ya kisiwa na Kisauni ilihesabiwa kuwa ni ya adui.

Shauri la watoro lilikuwa gumu kwa sababu lilikuwa la sheria mbili. Mateka aliyetolewa jahazini alikuwa huru kwa mkataba. Mtoro aliyemkimbia bwana wake katika shamba la Changamwe au Likoni alikuwa bado mali ya bwana huyo kwa sheria ya nchi, kwa maana mkataba wa 1873 ulifunga njia ya baharini na soko, haukuondoa utumwa. Watu wawili wangaliweza kuwa wametekwa siku moja katika kijiji kimoja, mmoja akawa raia wa Frere Town na mwenzake akarudishwa kwa bwana wake amefungwa. Wamisheni wa Rabai, wa Ribe na wa Jomvu waliwaficha watoro mamia kwa mamia. Mwaka 1888 jambo hilo likawa karibu kuleta vita, na George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa kuitawala pwani akakata shauri la kuwalipa fidia wenyewe. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Wapo waliomlaumu kwa kuwalipa watu waliodhulumu. Mimi nasema alinunua amani kwa bei rahisi, lakini haki ni neno jingine, na fedha hizo hazikutiwa mkononi mwa hata mtumwa mmoja.

Na biashara je, ilikwisha baada ya 1873? Ilibadili njia. Wafanya biashara waliwashusha watumwa nchi kavu, wakawaendesha kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani kwenda Pangani na kuendelea kaskazini, mpaka Seyyid Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo kwa matangazo ya Aprili 1876. Pemba ilitaka watu wa kuchuma karafuu, nao walivushwa usiku kwa mashua ndogo. Njia iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa ya bendera. Ufaransa haikukubali meli zake zipekuliwe na Waingereza, na manahodha wengi, hasa wa Sur katika Oman, walijipatia hati za Kifaransa wakapandisha bendera ya rangi tatu. Manowari ilipoikaribia bendera ile ilibidi kujizuia, hata kama harufu ya watu waliorundikwa ilifika mpaka sitahani. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari iitwayo London alikiendea chombo kimoja karibu na Pemba. Chombo kilikuwa na bendera ya Ufaransa, kwa hiyo hakuwa amejiandaa kupigana, nacho kilikuwa kimejaa watumwa. Waliokuwamo wakamwua.

Ilichukua miaka tisa zaidi mataifa kukaa pamoja. Kwa Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 yalikubaliana kuweka ofisi moja Unguja, ambamo kila nchi itapeleka nakala za hati zilizotolewa kwa majahazi, orodha ya vyombo vilivyokamatwa, na habari yoyote itakayosaidia kuwanasa wauza watu. Nikisoma habari za ofisi hiyo sioni tofauti kubwa na ile kazi ya Interpol ya siku hizi, ila tu walitumia wino na meli ya barua. Shauri la bendera lenyewe halikuamuliwa mpaka Agosti 1905, mahakama ya upatanishi ya The Hague ilipowawekea Wafaransa mipaka ya nani anaweza kupewa bendera yao.

Siandiki haya ili kuwacheka wazee. Kenya ilipitisha sheria yake ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2010, miaka kumi baada ya mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopewa jina la mji wa Palermo. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao tangu 1998, na kituo chao cha kuunganisha kazi kiko Nairobi pamoja na ofisi ya Interpol. Msichana wa Likoni akipelekwa Ghuba kwa hati ya kazi ya nyumbani na kugeuzwa kifungwa, hati yake ni safi kama ile ya Kilwa. Hatia yake huanza baada ya mahali ambapo askari wetu hafiki. Vijana wetu waliodanganywa kwa ajira ya kompyuta Thailand wakajikuta wamevushwa mpaka na kufungiwa Myanmar walitolewa kwa ubalozi, polisi na mashirika ya nchi tatu nne kushikana. Sheria ya 2010 imeweka pia mfuko wa kuwasaidia waliookolewa. Mfuko huo kwa maoni yangu ndio kifungu kilicho karibu zaidi na maisha ya Chengwimbe, na ndicho ambacho nasikia kikizungumzwa kidogo kuliko vifungu vya jela.

Turudi kwa mzee wetu. Matthew Wellington aliwaona wenzake wakiondoka mmoja mmoja. George David alifariki 1884. William Jones alifuatana na Askofu Hannington mpaka Kavirondo mwaka 1885, na Hannington alipouawa Busoga, ni yeye aliyewarejesha waliosalia mpaka Rabai mwanzoni mwa 1886. Jacob Wainwright, aliyesimama kando ya jeneza mbele ya wakuu wa Uingereza, alifia Urambo mwaka 1892. Wellington alibaki Mombasa. Aliishi mpaka akaiona reli ikipita Changamwe kwenda bara, na mwaka 1907 utumwa wenyewe ukakatazwa na sheria katika pwani ya Kenya. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 tangu aliposhuka Kisauni, ng'ambo ya maji palikuwa na watu wa haki mbalimbali, na yeye alikuwa akipishana nao njiani kila siku.

Alipokuwa mzee sana Mwingereza Rampley aliandika kijitabu cha maisha yake, na jina la kijitabu hicho linamtaja kuwa ndiye mtu wa pekee aliyesalia wa kumwunganisha msomaji na Livingstone. Wageni walipofika Mombasa walipenda kuonyeshwa mzee huyo. Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa, na mahali ambapo mashua za usiku zilikuwa zikihesabiwa kwa hofu watu wakaanza kupita kwa gari. Chengwimbe alifariki Mombasa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka kama 88. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu siku aliposimama ufukweni Kisauni kuwapokea watu wa majahazi.